Je, wajua kwa nini akina Müller ni wengi kuliko akina Bauer Ujerumani?

Müller ni msaga nafaka, Bauer ni mkulima. Zamani kijiji kizima kililima, na msaga nafaka alikuwa mmoja. Ungetarajia akina Bauer wafurike, kumbe Müller ndilo jina la ukoo linaloongoza nchini. Sababu ni kwamba jina la ukoo lilizaliwa kumtenga mtu na wenzake. Kuanzia karne ya 12 miji ilipanuka, akina Johannes na Heinrich wakajaa mtaa mzima, na karani wa kodi alitaka kujua ni Johannes yupi. Kijijini, kumwita mtu "mkulima" hakukumtambulisha kwa lolote.

Fundi naye hakuitwa vilevile kila mahali. Mfinyanzi wa kusini ni Hafner, wa mashariki ni Töpfer, na wa jimbo la Hesse ni Euler, kutoka neno la Kilatini olla, yaani chungu. Jina moja linakupa kazi ya babu pamoja na lahaja yake. Tatizo ni tahajia. Meyer, msimamizi wa shamba la bwana mkubwa, huandikwa pia Meier, Maier na Mayer, na yote hutamkwa sawa. Karani aliandika alivyosikia, hadi usajili wa serikali ulipoenea nchi nzima mwaka 1876. Anayechimbua ukoo kwenye vitabu vya kanisa huku ameshikilia tahajia moja, atawapita mababu zake bila kuwaona.

Wengine walibeba jina la mahali walikotoka, na hapo tazama mkia wa neno. -rode na -reuth ni msitu uliofyekwa: Wernigerode, Bayreuth. -furt ni mahali pa kuvukia mto kwa miguu, kama Frankfurt. -thal ni bonde, ndiyo maana wakoloni waliiita Lushoto Wilhelmsthal, Bonde la Wilhelm. Mikia -ow na -itz, mingi ikiwa mashariki ya mto Elbe, ni ya Waslavi, watu wa Ulaya Mashariki; w ya -ow haitamkwi, hivyo Pankow, mtaa wa Berlin, husomwa "Panko".

Berlin ndiyo huwapoteza wengi. Dubu kwa Kijerumani ni Bär, naye yumo kwenye nembo ya mji, basi watu hudhani jina limetoka kwake. Lakini sikiliza mkazo: uko mwishoni, Ber-LIN, kama mji wa Schwerin, ilhali majina ya Kijerumani asilia kwa kawaida hukazwa mwanzoni. Wataalamu wengi hulirudisha kwenye shina la Kislavi lenye maana ya kinamasi. Yaelekea dubu aliingizwa kwenye nembo kwa sababu sauti zinafanana.