Harald wa Bluetooth na wenzake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi hudhani ile alama ya Bluetooth kwenye simu ni herufi B iliyonakshiwa tu. Ni runi mbili, herufi za kale za Skandinavia, zilizobandikwa pamoja: ya H na ya B. Zinamwakilisha Harald Blåtand, yaani “Jino la Buluu” (kwa Kiingereza Bluetooth), mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Jim Kardach wa kampuni ya Intel alilipendekeza jina hilo mwaka 1997 litumike kwa muda tu. Mengine yaliyofikiriwa yakakwama, la muda likabaki.

Eti jino lake lilikuwa la buluu kwa kupenda matunda ya porini? Hadithi tamu, ushahidi hakuna. Lakabu yenyewe inaonekana kwenye maandishi zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake. Huenda alikuwa na jino bovu lililogeuka rangi, na hiyo nayo ni kukisia tu.

Lililotiwa chumvi zaidi ni kwamba aliunganisha Skandinavia yote. Tunalo neno lake mwenyewe, limechongwa kwenye jiwe kubwa la Jelling, Denmark, alilolisimamisha kuwakumbuka wazazi wake, Gorm na Thyra. Upande mmoja yupo Kristo, mikono kaitandaza, kazongwa na michoro kama mizabibu. Maandishi yanasema Harald alijipatia Denmark yote na Norway, akawafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Sweden haimo. Na hiyo Norway ni mfalme anajisifu: kule alimtegemea Jarl Haakon (jarl ni cheo cha mtawala aliye chini ya mfalme), ambaye baadaye alimgeuka.

Wapo pia wanaomchanganya na Harald Hardrada. Huyo ni Mnorway, aliyewahi kuwa askari wa kaizari wa Konstantinopoli, akauawa Stamford Bridge, Uingereza, tarehe 25 Septemba 1066. Aliyemshinda naye aliitwa Harold, mfalme wa Waingereza. Jina la Kiskandinavia halikuwa geni kwao, maana mama yake, Gytha, alitoka Denmark. Harold huyo naye hakumaliza mwezi: alikufa vitani Hastings tarehe 14 Oktoba.

Je, Mfalme Harald V wa Norway amelipokea jina baba kwa mwana tangu enzi za Waviking? Wapi! Babu yake alikuwa Carl, mwanamfalme wa Denmark, aliyepewa kiti cha Norway mwaka 1905 akajiita Haakon VII. Mwanawe Alexander, mtoto wa miaka 2, akabadilishwa jina kuwa Olav; huyo ndiye baba wa Harald V. Harald mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1937, ndiye mrithi wa kwanza wa kiti hicho kuzaliwa ndani ya Norway tangu 1370.