West Nile: kirusi cha mbu kinachotetemesha mikono ya mtu mzima na afya yake

Swali: Shemeji yangu ana miaka 38, hana sukari wala presha, kapata homa siku nne halafu mikono ikaanza kutetemeka. Yaweza kuwa virusi?

Yaweza kabisa. Kuna virusi vinavyoingia hadi zile sehemu za ndani ya ubongo zinazoongoza mwendo, kimojawapo ni West Nile, na jina ni la hapa hapa jirani, eneo la West Nile, Uganda, kilikogunduliwa 1937 kwa mwanamke aliyekuwa na homa. Wengi wanadhani ni cha Wamarekani kisa kilivuma New York mwaka 1999.

Swali: Huko kutetemeka kukoje?

Mpe kikombe cha chai. Mikono ikiwa imetulia mapajani pengine huoni kitu, ila akinyoosha tu kupokea ndo inaanza, chai yote kwenye kisosi. Wengine misuli inashtuka ghafla kama abiria aliyesinzia kwenye daladala, wengine wanakuwa wazito, wanaburuta miguu, uso hauchezi, utasema ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Na wapo wanaolegea mguu mmoja kama mtu wa polio, ukimfinya anasikia vizuri tu ila kuunyanyua hawezi.

Swali: Mbu wamening'ata sana juzi, niogope?

Tulia. Kati ya 10 walioambukizwa karibu 8 hawasikii chochote, na ni kama 1 kati ya 150 ndo kinafika kwenye ubongo au uti wa mgongo. Waliovuka 60 wako hatarini zaidi, ila hata aliye fiti kinaweza kumpata. Mbu wake ni kuleksi, yule wa mitaro na makaro, anakipata kwa kunyonya damu ya ndege. Kumuuguza mgonjwa hakukuambukizi.

Swali: Dawa ipo?

Ya kuua kirusi hakuna, na chanjo iliyopo ni ya farasi (ndio, farasi wametutangulia). Lakini msikae nyumbani mkisema kalogwa! Homa na kuchanganyikiwa, shingo kukaza au degedege ni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo ya bakteria zinaanza hivyo hivyo, zinaua haraka na hizo dawa zake zipo. Wakitaka kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano wakubalieni, ndo wanapotafutia jibu.

Swali: Atapona?

Kutetemeka mara nyingi kunapungua taratibu, wiki hata miezi. Mguu uliolegea ndo mbishi, mazoezi ya viungo yaanze mapema, na kwa sasa chai mpeni nusu kikombe.