Kisanduku cha 19: hesabu ya mikono kule Lewiston

Vijana ninaowafundisha kurusha mpira hapa Dar es Salaam wamezoea mtoano wa kandanda: ukifungwa, unakusanya viatu unarudi kwenu. Nilipowaonyesha ratiba ya fainali za besiboli za NAIA za mwaka 2025, ubishi ulianza palepale. "Kocha, hawa si walishafungwa? Mbona wapo fainali?"

Walishafungwa, ndiyo. NAIA ni chama cha vyuo vidogo vya Marekani, na bingwa wake wa besiboli hupatikana kwa mtoano wa vipigo viwili. Timu 46 hugawanywa katika vituo 10, kisha washindi 10 huenda Lewiston, mji mdogo wa Idaho ulio pale mito ya Snake na Clearwater inapokutana. Wakishafika huko, timu haitoki mpaka ifungwe mara mbili.

Hesabu yake inanifurahisha. Kati ya timu 10, tisa lazima ziondoke, na kila inayoondoka imebeba vipigo viwili. Hivyo ni vipigo 18. Mechi moja huzaa kipigo kimoja, kwa kuwa humo hakuna sare, basi mechi ni 18 hata ukipanga ratiba upendavyo. Bingwa naye akiwa amefungwa mara moja, zinafika 19. Ndiyo maana kila mwaka nachora visanduku 19 daftarini kabla mpira haujarushwa.

Sasa tuje kwenye mikono, yaani mikono ya warushaji, maana ndiko kombe linakochukuliwa.

Kwenye kandanda mshambuliaji wako bora anaweza kucheza Jumamosi na Jumanne. Mrushaji, yule anayemrushia mpigaji wa upande wa pili mpira, hawezi. Akirusha mipira mia moja kwa nguvu zote, kiwiko na bega vinadai siku nne, tano, na kwenye msimu wa kawaida wa chuo mrushaji anayeanza mechi hupanda kilimani, kile kichuguu anachorushia mpira, mara moja kwa wiki. Lewiston mashindano yote huchukua kama wiki moja. Kwa hiyo kocha anafika na mrushaji wake namba moja akijua kijana huyo ana mechi moja kamili, labda na awamu chache za mwishoni (mechi ina awamu tisa).

Timu isiyofungwa inapata siku za kupumzika katikati. Iliyofungwa mapema inashuka upande wa pili wa ratiba, ambako mechi ni nyingi na mapumziko machache. Leo unamtumia namba tatu wako, kesho namba nne, keshokutwa unamtazama kijana wa mwaka wa kwanza ambaye tangu Machi amerusha awamu kumi tu. Ukivuka yote hayo ukafika fainali, unamkuta mtu ambaye hajafungwa, na unatakiwa umpige mara mbili. Yeye anatakiwa akupige mara moja tu. Vijana wangu waliona ni dhuluma. Mimi naona ni haki yake: yule bado anadaiwa vipigo viwili kama wenzake wote.

Ninachokichukia ni kocha anayemrudisha mrushaji wake bora baada ya siku mbili kwa sababu kijana kasema "niko fiti". Katika umri wa miaka 20 kila mtu yuko fiti. Kano ya kiwiko haiulizwi.

Mashindano haya yalianza 1957 kule Alpine, Texas, kwenye uwanja wa Kokernot uliojengwa na mfugaji tajiri wa ng'ombe, na chuo cha mjini hapo, Sul Ross State, ndicho kilichotwaa kombe la kwanza. Lewiston iliyapokea 1984, na tangu 2000 hayajahama. Mwenyeji, chuo cha Lewiston kiitwacho Lewis-Clark State, ana makombe 19, na 16 kati yake yalipatikana chini ya kocha Ed Cheff. Wapinzani wamelalamika sana kuhusu uwanja wa Harris, ambao ni wa mwenyeji huyo na ndimo fainali huchezwa, na kwa miaka mingi mwenyeji aliingia bila hata kufuzu, yaani mikono yake ilifika haijaguswa. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini 1996 na 1999 mashindano yalichezwa nje ya Idaho, na kombe walilichukua walewale. Timu ya Cheff ilikuwa na benchi refu la warushaji, basi.

Turudi 2025. LSU Shreveport ya Louisiana ilifika fainali haijafungwa mechi hata moja msimu mzima. Kwa anayejua kandanda pekee hilo si kubwa sana. Kwenye besiboli ni maajabu: timu ya ligi kuu ya kulipwa ikipoteza mechi 60 kati ya 162 inahesabiwa miongoni mwa bora. Mchezo huu umejengwa juu ya kufungwa.

Wapinzani wao, Southeastern ya Florida, walikuwa ndio wale "waliokwishafungwa" wa ubishi wetu. Walihitaji kushinda mbili. LSU Shreveport wakashinda ile ya kwanza, mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) 13 kwa 7, wakamaliza msimu na ushindi 59 na kipigo sifuri.

Kijana mmoja alichukua daftari langu, akahesabu visanduku kwa kidole. Kumi na nane vilikuwa vimejaa. Akaniuliza cha mwisho nimesahau kukijaza.