Kusawazisha gurudumu: maana yake, na njia inayomfaa mwenye pikapu

Katika gereji za Nakuru neno "balansi" hutajwa sambamba na "alaimenti", kana kwamba ni kazi moja yenye majina mawili, na wateja wengi hulipia zote mbili bila kujua ni ipi waliyoihitaji. Alaimenti hurekebisha pembe za magurudumu ili gari lisivute upande mmoja na tairi lisilike ukingo. Haihusiani na uzito hata kidogo. Kusawazisha gurudumu, ambako ndiko balansi, ni kuupanga uzito wa tairi na rimu zikiwa zimeshikana, ili gurudumu linapozunguka kwa kasi lisiwe na upande unaolemea kuliko mwingine. Hakuna gurudumu lenye uzito uliogawanyika sawasawa kabisa hata likiwa jipya: rimu ina tundu la valvu, tairi lina mahali pa maungio, na kiraka kimoja cha pancha huweza kubadilisha hesabu yote.

Gramu chache zinaweza kuonekana kitu kidogo mno cha kusumbua gari la zaidi ya tani moja na nusu, kwa hiyo inafaa tupige hesabu. Tairi la 265/65R17, ambalo huvaliwa na Hilux nyingi, lina kipenyo cha milimita 776 hivi, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka mara 11 na zaidi kila sekunde. Gramu 30 zilizozidi ukingoni mwa rimu huvuta kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3.4, tena mara juu, mara chini, mara 11 katika kila sekunde. Mwendo ukipungua hadi kilomita 50 nguvu hiyo haishuki kwa nusu bali kwa robo tatu, kwa kuwa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo mtu anayebeba mboga kati ya Soko la Wakulima na Seksheni 58 anaweza kukaa mwaka mzima asihisi lolote, halafu siku atakayoshika njia ya Gilgil usukani ukaanza kumtetemekea mkononi akadhani gari limeharibika jana.

Kutokuwa sawa huko kuna namna mbili, na kuchagua njia ya balansi ni kuchagua kipimo kinachoona namna moja au zote mbili. Namna ya kwanza ni ya gurudumu likiwa limetulia. Ukilining'iniza kwenye mhimili unaozunguka bila kukwama, upande mzito utashuka chini wenyewe, na barabarani gurudumu hilo hurukaruka juu na chini. Namna ya pili hujificha. Tuseme pana gramu 40 za ziada kwenye ukingo wa ndani, na gramu 40 nyingine kwenye ukingo wa nje, lakini upande wa pili wa duara. Likining'inizwa, gurudumu hilo litasimama popote utakapoliacha, kwa sababu mizigo hiyo miwili inapingana. Likizungushwa, kila mzigo huvuta upande wake na gurudumu likayumba kushoto na kulia, kama mtu anayekataa kwa kutikisa kichwa. Kadiri tairi lilivyo pana ndivyo kuyumba huko kunavyozidi, na pikapu za siku hizi huvaa matairi mapana kuliko zile za zamani zenye 195R14.

Kipimo cha povu, ambacho ni sahani inayolalishwa gurudumu juu yake huku povu likionyesha katikati kama kwenye pima maji ya mwashi, huona namna ya kwanza peke yake. Hakihitaji umeme, na hakiharibiki kwa urahisi. Kwa tairi jembamba la tela au la spea kinatosha, hasa fundi akigawa uzito nusu ndani na nusu nje badala ya kuurundika ukingo mmoja. Kwa magurudumu ya mbele ya pikapu inayopita barabara kuu kila wiki, sikipendekezi.

Mashine ya kompyuta ndiyo iliyoenea mijini, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega. Fundi hufunga gurudumu kwenye shafti, huingiza kipenyo cha rimu, upana wake na umbali wake kutoka kwenye mashine, kisha mashine hulizungusha na kuonyesha gramu ngapi zibandikwe ndani na ngapi nje, na mahali gani. Hupima namna zote mbili kwa pamoja. Kwa sehemu kubwa ya wenye pikapu hii ndiyo njia ya kuchagua, na ningeweza kuishia hapo kama si jambo moja ambalo wateja hulitazama bila kuliona: namna gurudumu linavyokamatwa kwenye hiyo shafti.

Mashine haijui gari lako. Inaujua mhimili wake yenyewe. Gurudumu likikaa milimita moja nje ya kitovu cha mashine, mashine itasawazisha kwa uaminifu mkubwa kosa ambalo halipo kwenye gari, na utaondoka na mtikisiko mpya ulioulipia. Magari madogo mengi hukamatwa kwa koni inayoingia kwenye tundu la kati la rimu, na hilo hufanya kazi vizuri ikiwa tundu limechongwa kwa usahihi na halina kutu. Pikapu zina matatizo yake. Hilux na D-Max nyingi zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7 na tundu kubwa la katikati, kwa hiyo koni ndogo iliyozoea magari madogo haiwezi kulikamata sawasawa. Tena rimu nyingi zinazonunuliwa dukani ili kupamba gari zimetobolewa tundu kubwa kuliko habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ili zienee magari ya aina nyingi. Rimu ya namna hiyo ikishafungwa kwenye gari huwekwa katikati na nati zake wala si na habu, na kuipima kwa koni ni kuipima kwa kitu ambacho gari halikitumii. Kwa rimu hizo hutakiwa bamba lenye vidole sita vinavyokaa penye matundu ya nati. Gereji yenye bamba hilo na mashine ya kawaida ni bora kuliko yenye mashine ya kung'aa na koni moja iliyochakaa.

Kuna jaribio rahisi, na mteja ana haki ya kuliomba. Mashine ikishaonyesha sifuri pande zote mbili, fundi alegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko kwenye shafti bila kuizungusha shafti yenyewe, alifunge tena na kulipima upya. Likiwa limekaa vizuri, matokeo yatabadilika kwa gramu chache tu. Yakiruka hadi gramu 20 au 30, kosa liko kwenye ukamataji, na kuongeza vipande vya uzito hakutalitibu. Nimewahi kumwona fundi mmoja akikasirika kuombwa jaribio hili, akalifanya kwa kununa, kisha akanyamaza na kwenda kutafuta koni nyingine.

Vipande vya uzito vyenyewe, ambavyo zamani vilikuwa vya risasi na siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, huchaguliwa kwa kuangalia rimu. Rimu ya chuma hupokea vile vya kugongwa ukingoni. Rimu ya aloi hubandikwa vya gundi upande wa ndani, na gundi haishiki penye vumbi, mafuta au unyevu. Vile vya zamani viondolewe vyote kabla ya kupima. Kubandika kipya ili kupingana na cha zamani ni uvivu unaoonekana kwa macho, kwa kuwa rimu huishia kuvaa vipande kama shanga.

Njia nyingine tatu zipo, ila ni majibu ya maswali mengine. Kusawazisha gurudumu likiwa juu ya gari, kwa kuliinua kwa jeki na kulizungusha pale pale, hupima habu na disiki ya breki pamoja na tairi. Huweza kusaidia pale ambapo mashine ya kawaida imeshindwa, lakini gurudumu likivuliwa kwa sababu ya pancha na kurudishwa kwenye boliti tofauti, kazi imepotea. Mashine yenye rola inayokandamiza tairi huku likizunguka, kuiga uzito wa gari, hugundua tairi lenye upande mgumu kuliko mwingine, au lisilo la mviringo kamili, makosa ambayo hakuna kipande cha uzito kinachoweza kuyaondoa. Njia ya tatu ni chembe ndogo zinazomiminwa ndani ya tairi ili zijipange zenyewe mwendo unapokolea. Hizi hutumika zaidi kwenye malori. Pikapu inayopanda Mau Narok kufuata viazi hupata pancha mara kwa mara, na chembe hizo zitamwagika kwa fundi wa kando ya barabara tairi litakapofunguliwa. Zikipata unyevu hushikana na kuwa donge, yaani tatizo lile lile zilizowekwa kulitatua. Dawa ya maji ya kuziba pancha nayo, ikiwekwa nyingi, huweza kutuama upande mmoja wa tairi gari likiwa limeegeshwa na kudanganya mashine yoyote.

Kabla ya kwenda gereji, rimu zioshwe kwa ndani. Udongo mweusi wa Ahero na uwanda wa Kano hushika upande wa ndani wa rimu na kukauka kama tofali, na donge la robo kilo ni mara nane ya zile gramu 30 tulizozipigia hesabu. Fundi akipima gurudumu likiwa na tope, balansi itakuwa sahihi hadi tope lianguke.

Iwapo mtikisiko utabaki baada ya haya yote, uhamishe magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ukaze nati kwa kupishana kabla jeki haijateremshwa, kisha ujaribu njia ile ile kwa mwendo ule ule. Mtetemeko ukihama kutoka kwenye usukani ukaingia kwenye kiti, au kinyume chake, gurudumu ndilo lenye kosa, na huenda rimu imepinda shimoni au nyuzi za tairi zimeachana. Ukija wakati wa kukanyaga breki tu, angalia disiki. Na ukibaki chini ya kiti bila kujali umehamisha nini, mlaze fundi chini ya gari atikise propela shafti, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kwa mkono, kwa kuwa krosi, yaani kiungo chake, iliyolegea hutoa mtetemeko unaofanana sana na wa gurudumu.