Koti lililozima kila mkono ulipokunjwa

Wiki moja kabla ya kuonyesha kazi zao, mwanafunzi wangu mmoja alitandaza koti mezani, akawasha swichi, na taa tano za mkono wa koti zikawaka vizuri. Akalivaa, bado zinawaka. Akakunja mkono ashike mkanda wa begi lake, zote zikazima kwa mpigo. Akanyoosha, zikarudi. Mishono alishaikagua mara tatu na hakukuta uzi uliokatika.

Tukatoa betri. Nikaweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye njia ya chanya, nyingine kwenye njia ya hasi, naye akawa anaukunja mkono wa koti taratibu. Ulipofika nusu ya mkunjo, mita ikalia, ishara kwamba njia hizo zimegusana. Njia mbili za uzi zilipita pamoja upande wa ndani wa kiwiko, zimeachana sentimita moja. Mezani hiyo ni nafasi ya kutosha. Kitambaa kikijikunja, njia moja inalala juu ya mwenzake, na hapo ni shoti.

Katika miradi ya nguo zenye taa ninayoisimamia, hitilafu ya namna hii naikuta mara nyingi kuliko zote, na haitokani na kutojua umeme. Mwanafunzi amechora saketi safi kabisa, lakini ameichora kwenye karatasi, na karatasi haina kiwiko. Ndiyo maana siku ya kwanza siruhusu mtu kugusa taa. Nawaambia wavae nguo yenyewe, wakae, wainame, wafunge kamba za viatu, wanyanyue mikono kana kwamba wanashusha kitu kabatini, na mwenzao apige chaki kila penye mkunjo. Ndani ya kiwiko, kwapani, kiunoni na nyuma ya goti, chaki hujaa. Kola, juu ya bega, sehemu ya juu ya mgongo na upande wa nje wa mkono hubaki safi. Njia za umeme zipite hapo palipobaki safi. Pakiwa hapana budi kuvuka mkunjo, chanya ipite upande mmoja wa mkono na hasi upande wa pili, au moja ishonwe juu ya kitambaa na nyingine kwenye bitana.

Uzi wenyewe una tabia zake. Unaopitisha umeme huwa wa aina mbili hasa: wa chuma cha pua, na wa nailoni iliyopakwa fedha. Wa fedha ni laini na unashoneka kirahisi, ila jasho na kufuliwa huuchosha, ukapoteza uwezo wake kidogo kidogo. Wa chuma hudumu, lakini una ukaidi wa springi, na fundo lake hujifungua lenyewe usiku kucha ukiwa umelala. Fundo la kila taa nalidondoshea rangi ya kucha isiyo na rangi, nasubiri ikauke kabisa, kisha nakata mkia wa uzi ubaki milimita mbili au tatu. Mkia mrefu ni shoti inayosubiri siku yake. Ukitumia cherehani, uzi huu uweke chini, kwenye bobini, na juu weka uzi wa kawaida. Ukiuweka juu unakwaruzwa kwenye sindano hadi unatoa manyoya.

Jambo jingine linalowashangaza wanafunzi ni kwamba uzi si waya. Waya wa shaba wenye urefu wa mkono wa koti una ukinzani, yaani kule kuuzuia umeme, mdogo mno hata huuhesabu. Uzi wa chuma tuliopima darasani ulitupa omu 30 hivi kwa mita. Tuseme betri iko mfukoni na taa ziko mbali, sentimita 60 kwenda na 60 kurudi: hiyo ni mita 1.2, yaani omu 36. Ukitaka mkondo wa miliampea 20, yaani ampea 0.02, upite humo, zidisha 0.02 kwa 36, unapata volti 0.72 zilizopotelea njiani. Betri ya duara ya CR2032 ina volti 3, kwa hiyo taa zinabakiwa na volti 2.28. Taa nyekundu inaridhika na volti 2 au pungufu kidogo. Nyeupe na ya buluu zinataka karibu volti 3. Mwanafunzi anaona nyekundu inawaka na nyeupe haiwaki, anadhani ameuziwa taa mbovu. Taa ni nzima, volti zimeishia kwenye uzi.

Hesabu hiyo nawafanyisha kwa mkono kila mwaka, kwa sababu ndani yake mna majibu yote. Sogeza betri karibu na taa. Shona njia ileile mara mbili, ukinzani unashuka nusu. Badilisha rangi ya taa. Na usichanganye nyekundu na nyeupe sambamba kwenye betri moja ndogo, maana nyekundu itavuta mkondo wote na kuishusha volti chini ya kiwango cha mwenzake.

Kwa taa zinazobadilisha rangi kwa programu, kama WS2812, uzi hautoshi. Moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula hadi miliampea 60. Thelathini ni ampea 1.8. Hapo natumia waya laini wenye nyuzi nyingi ndani, na ninapunguza mwanga kwenye programu hadi robo. Gizani, robo inatosha na kuzidi.

Mahali waya unapokutana na taa ndipo panapokatika, kwa sababu pale kitu kinachopinda kimeshikana na kisichopinda. Waya ukilehemiwa ukaachwa hivyo, mwili unaupinda palepale kila hatua hadi unakatika. Uache mlegezo kidogo, kisha ushone waya kwenye kitambaa sentimita mbili kabla ya pale ulipolehemiwa, ili mvuto uishie kwenye mshono. Leah Buechley, mtafiti wa Marekani wa nguo zenye umeme, alilielewa hilo mapema alipobuni LilyPad, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007: ubao wa duara wenye matundu makubwa ukingoni, ya kupitisha sindano. Ubao wa umeme uliobuniwa ushonwe kama kifungo! Hadi leo nikimpa mwanafunzi anayejua kudarizi na hajawahi kushika umeme, anaanza kazi bila woga.

Kuhusu mwanga wenyewe nitasema machache. Taa tupu inachoma macho na kuonekana kama kitone. Weka juu yake pamba nyembamba au tabaka mbili za kitambaa chepesi, iache nafasi kidogo kati ya taa na kitambaa, na kitone kinageuka kuwa wingu. Taa tano zilizofichwa vizuri hupendeza kuliko hamsini zilizo wazi.

Betri za lithiamu za kuchaji, zile laini kama bahasha, sizikubali zikae pasipo kasha gumu, wala mahali pa kukaliwa au pa kupitishwa sindano. Zikitobolewa zinaweza kuwaka moto. Na za duara zikae kwenye kishikilio kinachofungwa kwa skrubu kama nyumbani kuna mtoto mdogo. Akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2.

Lile koti tulilifumua. Njia ya hasi ikahamia kwenye bitana, kazi ya jioni nzima, na ile ya chanya ikapandishwa upande wa nje wa mkono. Betri ikawekwa kwenye kimfuko begani, kikashikizwa kwa vifungo vya chuma ambavyo ndivyo pia vinavyopitisha umeme, hivyo kinabanduliwa koti linapofuliwa. Tumelifua kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu, likaanikwa hadi likakauka kabisa, na kabla ya kurudisha kimfuko mwanafunzi akapima njia zote mbili, kwanza mkono ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekunjwa.