Tundu lipo tayari, la kuogopa nini?

"Mwanangu, tundu si lipo tayari? La kuogopa nini?" Mama mwenye nyumba, hapa Chumbageni, Tanga, aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa bafu. Bomba la sinki lilikuwa limebadilishwa, na tundu la milimita 35 kwenye marumaru lilitakiwa kuwa 50. Nami niliamini kama yeye, kwamba kupanua ni kazi nyepesi kuliko kutoboa upya. Nikaipasua marumaru. Dukani ya rangi ile ilishaisha.

Kumbe kupanua ndiko kugumu. Kikombe cha kutobolea, ule msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, huongozwa na biti ndogo ya katikati. Biti hung'ata kwanza, kikombe kikafuata. Penye tundu tayari, biti inazunguka hewani tu. Kikombe kinaruka, kinakwaruza uso wa marumaru, kikikamata upande mmoja ufa umeanza.

Mafundi wengi watakwambia, "Kaza mkono tu." Sikubaliani nao, maana mkono haukai katikati ya kitu kisichokuwepo. Kinachotakiwa ni ukingo wa kukizuia kikombe kwa nje. Chukua kipande cha plaiwudi, kitoboe kwa kikombe kilekile cha 50. Chora mistari miwili inayokatana katikati ya tundu la zamani, irefushe nje, uoanishe na mistari kama hiyo uliyoichora kwenye ubao, ikikatana katikati ya tundu lake. Bandika ubao kwa tepu yenye gundi pande mbili, na msaidizi aushike. Ondoa biti ya kati, anza taratibu. Duara likishachimbika milimita 2 hivi, ubao unaweza kuondoka. Si lazima vitovu vilingane, lakini tundu jipya lilimeze la zamani lote. Ukibakisha kipande chembamba kama hilali, kitavunjika.

Wapo wanaofunga vikombe viwili pamoja, kidogo cha kipimo cha tundu la zamani kikitangulia kama kiongozi. Hiyo nayo ni kweli, hasa kwenye mbao na plastiki. Kwenye marumaru, kidogo kikichezacheza ndani ya tundu, kikubwa nacho kitayumba.

Dhana nyingine ni kwamba kikombe chochote chenye meno kinatosha. Meno ya kukatia mbao huisha makali papo hapo. Marumaru laini za ukutani hukubali kikombe chenye chembe za kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, lakini porcelini, aina ya marumaru iliyo ngumu zaidi, inataka kikombe chenye chembe za almasi. Ukitaka kujua ipi ni ipi, geuza kipande kilichobaki, dondoshea tone la maji nyuma: ya kawaida hulinywa, porcelini karibu hainywi, kwani hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake.

Alama ya nyundo kwenye drili, yaani ile ya kuifanya igongegonge? Izime. Hilo halina mjadala.

Maji nayo watu hudhani ni ya kuzuia vumbi. Vumbi linatulia kweli, ila kazi yake kubwa ni kupoza almasi, ambayo joto huiharibu. Chupa yenye kizibo kilichotobolewa inatosha, mwendo wa drili uwe mdogo, na drili iwe ya betri, kwani maji na waya wa umeme bafuni si wa kuchanganya.

Ile iliyopasuka bado ipo ukutani. Mama ameitundikia taulo.