Namba 7 iliyoongeza yadi haijakusamehe chochote

Tuelewane leo, maana nimechoka kulisikia. Mchezaji wa gofu anakuja kubadilisha aironi zake, zile fimbo za chuma zenye namba, anasema anataka seti inayosamehe makosa, kisha anaichagua kwa sababu namba 7 mpya imempita ya zamani kwa yadi 15. Umbali ni habari nyingine kabisa.

Tazama lofti, yaani pembe ya kulala kwa uso wa fimbo: ikiwa ndogo, mpira huenda chini zaidi na mbali zaidi. Miaka ya 1980 namba 7 ilikuwa na nyuzi 34 hadi 36. Katika seti nyingi za leo zinazouzwa kwa wenye hendikapu kubwa, yaani wachezaji ambao bado hawajawa hodari, ina 28 hadi 30, na shafti yake, yaani mpini, imeongezwa urefu kidogo. Kwa lofti hiyo, umeshika namba 5 au 6 ya zamani. Hakuna kanuni ya gofu inayomwambia mtengenezaji namba gani aichonge kwenye soli, upande wa chini wa kichwa cha fimbo.

Kusamehe kunaanza pale unapokosa katikati ya uso. Ukigonga karibu na ncha, kichwa cha fimbo kinajipinda mkononi, mpira unapoteza kasi na kupotea njia. Uzito ukisambazwa pembezoni, kichwa kinakataa kujipinda. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha Ping, alijenga jina lake juu ya wazo hilo, na aironi zake za Eye 2 za 1982 zililieneza. Kwa hiyo unapojaribu fimbo, usiniletee shuti lako bora. Shuti bora halikuhitaji msamaha. Nionyeshe yale mabaya: yameanguka fupi kwa kiasi gani, na yametawanyika kiasi gani kushoto na kulia? Halafu linganisha lofti kwa lofti, hata kama namba hazifanani. Angalia pia pembe ya mpira unapotua, kwa sababu mpira unaofika mbali ukiwa chini chini hukatiza grini, uwanja wa nyasi fupi wenye shimo, na kutokea upande wa pili.

Uso uliofunguka wakati wa kugonga hausamehewi na seti yoyote. Slaisi, yaani mpira unaopinda kulia kwa anayecheza mkono wa kulia, inatibiwa na mwalimu.

Soli pana inasaidia unapogonga ardhi kabla ya mpira, hasa kwenye nyasi laini. Kwenye ardhi ngumu inaweza kudunda, fimbo ikaugonga mpira sehemu ya juu, nao ukaruka chini chini.

Kuhusu uso uliorudishwa nyuma ya shafti, katalogi zinasema unapunguza slaisi, nami siwezi kuliahidi hilo. Wapo ambao mpira umewanyooka, na wapo walioanza kuupeleka kushoto kwa sababu tu jicho lao halikupenda umbo lile. Herufi za ugumu wa shafti nazo siziamini: R (ya kawaida) ya kampuni moja inaweza kuwa S (ngumu) ya nyingine, kwa kuwa hazina kipimo cha pamoja. Mimi huanza na uzito wa shafti.

Kabla hujalipa, uliza lofti ya weji, fimbo ya mipira mifupi, inayokuja na seti. Nyingi zina nyuzi 43 hivi. Kama weji yako ya mchanga ina 56, umejichimbia shimo la nyuzi 13 katika umbali ule unaouhitaji zaidi, na utalazimika kununua weji ya kuliziba, pengine mbili. Nafasi moja itapatikana: namba 4 ya seti hizi ina nyuzi 19 au 20, na mwenye swingi ya polepole hawezi kuinyanyua ipasavyo. Iache dukani, weka weji mahali pake, na mfuko usizidi fimbo 14.